Gati la Ng'ambo

Aprili 27, 1974

Barafu imeondoka ziwani tangu Jumatano. Leo wale ndugu wawili wa ukoo wa Krause wamekuja kunitilia gati majini, maana hutolewa kila mwaka kabla ziwa halijaganda. Zamani mume wangu Arnold alilitia mwenyewe, yumo majini na suruali ya mpira mpaka kifuani, analaani kwa Kijerumani, kana kwamba Mungu wa Walutheri hajui Kijerumani. Ni mwaka wa pili sasa tangu nimzike, na bado natenga vikombe viwili.

Walipoondoka nilichukua darubini yake nikatazama ng'ambo, kama ninavyofanya kila mwaka. Gati la kaka yangu Reinhold bado halijatiwa. Si ajabu. Yeye hutia wiki moja baada yangu. Tangu utotoni amekuwa mtu wa kungoja.

Mei 5

Baridi. Nimepanda viazi. Ng'ambo bado.

Mei 12

Siku ya Akina Mama. Sikujaliwa mtoto, kwa hiyo nimekula pai peke yangu, vipande vitatu, na hakuna aliyenihesabia.

Mei 19

Amekuja bwana mmoja, Milton Gehrke, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene na daftari kwapani. Yeye na wenzake wameanzisha chama cha wapenda mashine za zamani za boti, zile za kubana nyuma kwenye tezi, na wanakusanya kumbukumbu za siku za mwanzo za mbio zetu kabla hatujafa wote. Neno "kufa" hakulitaja, lakini alikuwa akiitazama miguu yangu.

"Nimeambiwa wewe ndiye Leona Zastrow," akasema.

"Nilikuwa. Sasa ni Bi Pautz."

"Leona Zastrow aliyeshinda hapa Ziwa Minawa mwaka thelathini na nne?"

"Na thelathini na tano. Kama unaandika, andika yote."

Akaandika. Akauliza kama mashine yenyewe bado ipo. Nikamwambia ipo bandani chini ya turubai. Akauliza kama anaweza kuiona. Nikasema hapana. Hakununa, alikula keki yangu vipande viwili, akaniachia lile daftari niandike lolote nitakalokumbuka. Nilimwambia asitegemee sana. Mtu mng'ang'anizi, simpendi.

Mei 23

Haya. Nitaandika humu kwanza, halafu nimnakilie yanayofaa kusomwa na watu.

Boti zetu zilikuwa ndogo, hazikuzidi mlango wa banda kwa ukubwa, na nyepesi hata watu wawili walizibeba kichwani. Hukai humo. Unapiga magoti juu ya mto, kifua mbele, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umebana kishikio cha mafuta. Ukikiachia, mashine inalegea. Iliwekwa hivyo ili ukirushwa majini boti isirudi kukukata. Nilirushwa mara sita. Mimi nilikuwa na ratili mia na tano, na wanaume wenye vitambi hawakunipenda hata kidogo, maana kila ratili ilikuwa mwendo.

Reinhold alikuwa fundi wangu na mshikaji wangu. Mshikaji ndiye anayesimama majini mpaka kiunoni akiishika boti kwa nyuma, huku mimi nikizungushia kamba kwenye lile gurudumu la juu ya mashine na kuivuta. Mashine zile hazikujua kungoja. Ikiwaka, pangaboi linazunguka papo hapo, shibiri moja kutoka mapajani mwake. Anageuza nyonga, anaiachia boti, nami nimeshaondoka. Miaka sita alinishika. Hakuniachia mapema hata siku moja, wala hakuchelewa.

Hatukuanza mbio kwa kusimama mstari. Palikuwa na saa kubwa ufukweni yenye mshale mmoja. Tulizunguka zunguka nyuma ya mstari, mshale unashuka, na mtu anatakiwa avuke kwa kasi yote mshale ukigusa juu kabisa. Ukivuka kabla, umetoka. Wengi walitoka. Reinhold alinifundisha kuhesabu pumzi, si sekunde. Alikuwa akisema, "Leni, haraka yako ndiyo itakayokutoa, si mashine yangu."

Na harufu. Tulichanganya spiriti na mafuta ya nyonyo. Mpaka leo nikinusa nyonyo nina miaka ishirini na minne.

Juni 2

Nimemaliza kunakili. Nimeishia mwaka thelathini na tano.

Juni 9

Mvua. Ng'ambo bado. Nguzo za gati lake bado zimepangwa pembeni mwa nyumba, nimezihesabu kwa darubini. Labda ameanza uvivu. Ana miaka sitini na minane, yuko huru kuwa mvivu.

Juni 16

Mvua tena. Bado.

Juni 30

Gehrke amekuja kuchukua daftari. Amesoma pale pale jikoni, anacheka, anajipiga goti. Alipofika mwisho akageuza ukurasa, akaugeuza tena.

"Bi Pautz, na mwaka thelathini na sita?"

"Mwaka thelathini na sita kulikuwa na joto."

"Nimeona orodha za zamani. Jina lako liko juu, halafu limepigwa mstari."

"Basi umeshaona. Ongeza kahawa."

Hakuuliza tena. Lakini akaniomba kitu kingine. Mwezi wa tisa chama kitakuwa na siku yake hapa ufukweni, na angependa mashine yangu iwe mezani watu waione. Nikasema nitafikiri. Kwa nini nimesema nitafikiri sijui. Nadhani ni kwa sababu ananipigia simu kila Jumanne kuuliza hali yangu, na hakuna mtu mwingine anayenipigia.

Julai 5

Jana, sikukuu ya uhuru, walirusha fataki tangu saa moja jioni, kabla hata ya giza. Nimezitazama nikiwa gatini. Kule ng'ambo kwa Reinhold hakutoka mtu.

Nimeamua kuandika. Haya si ya daftari la Gehrke.

Ilikuwa Agosti 16, 1936. Nilishinda, hilo halina ubishi. Nilivuka mstari mshale ukiwa juu kabisa, nikazunguka maboya mara tano, na wa pili alifika nimeshazima mashine. Huyo wa pili alikuwa Cletus Vandehey, aliyekuwa wa pili mwaka uliotangulia pia, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni. Akaja ufukweni maji yanamchuruzika, akakunja mikono.

"Hongera Leona. Mwambie kaka yako atuuzie na sisi hiyo mashine ya daraja la juu."

"Ni ya daraja hili hili."

"Nani kasema? Yeye?"

Watu wakacheka. Mimi sijawahi kuweza kuchekwa. Mashine ya mshindi ilikuwa lazima ifunguliwe na kupimwa, ndiyo desturi, lakini ilifanywa jioni, mbio zote zikiisha, watu wakila soseji zao. Kila daraja la mashine lilikuwa na kikomo cha upana wa tundu la silinda, na kikomo chenyewe kilihesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Mimi sikungoja jioni. Nikamwendea mkaguzi, Bwana Hartwig, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Ifungue. Sasa hivi, hapa hapa, mbele ya hawa."

Reinhold alikuwa ndio kwanza anatoka majini, suruali imemganda mwilini. "Ingojeni ipoe kwanza," akasema.

"Ya nini?" akasema Cletus.

"Ni ya moto. Ingojeni ipoe."

Hartwig akatazama angani. Wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka magharibi, naye alikuwa na mbio mbili zaidi za kumaliza. Akajifunga kitambaa mkononi, akafungua. Akaingiza maikromita, chombo cha kupimia hizo sehemu za elfu. Akaitoa, akaifuta, akaingiza tena. "Imezidi," akasema. "Elfu tatu."

Nilimtazama kaka yangu. Shingo ilikuwa imemwiva, nyekundu. Mimi nikajiambia, hiyo ni aibu. Kumbe ndiyo maana alitaka ingojwe, nikajiambia, alitaka muda wa kufanya ujanja.

"Leni, sikiliza, ilikuwa ya mo..."

"Usiniite Leni. Mwizi wewe."

Nilisema hivyo, mbele ya watu mia tatu, na mama yetu akiwa mmoja wao. Wiki iliyofuata chama cha mbio kilinitaka nieleze. Niliandika barua kwamba mimi sikujua chochote, kwamba mashine ilitengenezwa na kaka yangu peke yake. Nikatia sahihi. Kila neno lilikuwa kweli, na nilijivunia hilo. Wakamfungia kushiriki mbio maisha yake yote. Mimi wakaniacha. Na yeye hakuwa na ndoto nyingine duniani ila kutengeneza mashine za mbio.

Alikuwa ameshaondoka nyumbani jioni ile ile na nguo zake kwenye gunia. Hata sanduku la vifaa aliliacha. Akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, na baada ya vita akajenga nyumba ng'ambo ya ziwa, mkabala kabisa na yetu. Sijui kama alifanya makusudi. Tumekutana kwenye mazishi ya baba, ya mama, na ya Arnold. Kwenye ya Arnold alikaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya chakula.

Miaka thelathini na minane. Kwa watu nimekuwa nikisema, "Sina ugomvi naye, yeye ndiye aliyeondoka."

Julai 13

Nimeifungua mashine. Nilitaka tu kuisafisha, kama itakaa mezani isiniaibishe. Pistoni zilikuwa zimegandamana, nimezilowesha mafuta tangu Jumatatu, na leo zimekubali. Vidole vyangu bado vinajua. Ndani hakuna kutu. Yule mtu aliipaka grisi vizuri kabla hajaondoka. Sijui alipata wapi moyo wa kuipaka grisi jioni ile.

Julai 14

Ng'ambo bado. Majani yamekuwa marefu mpaka majini.

Julai 20

Nitaandika taratibu.

Gehrke alikuja. Nilimruhusu aingie bandani kwa mara ya kwanza, akavua kofia kana kwamba ameingia kanisani. Akaniambia mipango yao ya mwezi wa tisa. Watawasha mashine moja, halafu wataifungua na kuipima mbele ya watu, kama zamani.

"Ila itabidi tungoje kidogo," akasema. "Siku hizi kanuni zinataka ingojwe mpaka uweze kuweka mkono juu yake."

"Kwa nini?"

Akacheka kile kicheko cha mwalimu. "Chuma kikipata moto kinatanuka, Bi Pautz. Nimefundisha hilo miaka thelathini. Watoto walikuwa wanasinzia."

Nikamuuliza kinatanuka kiasi gani. Silinda kama hii, iliyotoka kukimbia mizunguko mitano. Akatoa kalamu, akahesabu nyuma ya bahasha. Hakujua alichokuwa akihesabu.

"Elfu tatu," akasema. "Labda nne."

Nilimwomba aende nyumbani. Alinitazama, akarudisha kofia kichwani, akaenda bila swali. Ni mtu mzuri. Nilikosea kumhukumu.

Julai 21

Sikwenda kanisani. Nimenawa mikono mara mbili. Nikachukua maikromita ya Reinhold kwenye sanduku lake, imefungwa kwenye soksi yake ya sufu. Banda lilikuwa la baridi kwa sababu ya mvua. Nimepima silinda zote mbili, juu, katikati, chini. Nimerudia. Nimerudia tena.

Haikuzidi. Iko ukingoni kabisa. Alifika mpaka mwisho wa ruhusa na hakuuvuka, kama nilivyokuwa nikiuvuka mstari nilipohesabu pumzi alivyonifundisha.

Niliketi juu ya ndoo. Halafu nikang'oa unywele wangu mmoja, mweupe, nikaupima kwa maikromita ile ile. Elfu tatu kasoro kidogo.

Mimi ndiye niliyesema ifunguliwe sasa hivi. Yeye alisema ingojwe. Aliyataja maneno yenyewe, mara mbili, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote.

Julai 22

Sikula.

Julai 28

Nimeandika barua. Nimeichana.

Agosti 3

Nimeandika nyingine, fupi zaidi. Nimeichana. Nina mwandiko mzuri wa barua za kumfungia mtu, kumbe wa hizi sina.

Agosti 9

Ijumaa, samaki wa kukaanga kanisani. Nilipangwa karibu na Ruby Schwanke, anayejua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua. Akanimiminia chumvi na maneno pamoja.

"Maskini kaka yako. Na kile kigari chake."

"Kigari gani?"

"Cha kushikilia akitembea. Si alivunjika nyonga wakati wa Pasaka? Aliteleza kwenye barafu akienda kuangalia nguzo za gati."

"Sikujua."

"Utajuaje wewe," akasema Ruby. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyonichoma zaidi.

Kumbe miezi minne mimi natazama gati, namwita mvivu.

Agosti 11

Nimewasha gari. Nimefika kwenye njia panda, maili tisa kuzunguka ziwa. Nimerudi.

Agosti 16

Leo ndiyo tarehe. Joto kali. Nimekaa bandani.

Agosti 18

Nimewasha gari. Nimefika kwenye sanduku lake la barua. Jina limeandikwa kwa rangi, ZASTROW, jina nililokuwa nalo mimi pia. Nimerudi. Mimi niliyekuwa nageuza boya kwa mwendo wa maili hamsini.

Agosti 31

Nimekwenda.

Niligonga, nikangoja. Nilisikia kigari kikigonga sakafu, hatua, kituo, hatua. Nilitamani kukimbia. Mlango ukafunguka. Amekuwa mdogo. Nyusi zake zimekuwa za baba.

"Umepotea?" akasema.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yote yaliniishia. "Nimeipima," nikasema.

Akashika kigari kwa mikono yote miwili. "Ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi."

"Ingia basi. Unaniingizia mbu."

Jiko lake ni safi, kila kisu kina msumari wake. Tukaketi. Dirisha linatazama ziwa, na kutoka pale gati langu linaonekana lote, hata kile kibao kilicholegea mwishoni.

"Mwaka huu ulilitia Aprili ishirini na saba," akasema. "Mapema sana. Ungekuja upepo wa kaskazini lingekwenda." Sikumuuliza amejuaje. Darubini ilikuwa dirishani karibu na redio.

"Reinhold, ulijua tangu lini?"

"Nilijua pale pale. Jioni nikaipima ilipopoa, nikahakikisha, nikaipaka grisi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema ingojeni ipoe."

"Hukusema kwa nini."

"Nilikuwa nasema. Ukaniita mwizi."

"Ungeniandikia basi. Hata mstari mmoja."

"Kuandika tulikuwa tunajua wote, Leni. Niliiona barua yako."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia anisamehe, sikumwambia vizuri, nilimwambia kama mtoto aliyevunja bakuli. Yeye akageuza uso dirishani. Shingo ilikuwa imemwiva vile vile, na safari hii nilijua kwamba si aibu. Ni hasira. Ilikuwa hasira siku ile pia, na nilikuwa nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na sita bila kujifunza tofauti.

Halafu akasema, "Kahawa imo kwenye birika. Mimi siwezi kubeba kikombe na hiki kigari, kwa hiyo kama unataka, mimina mwenyewe."

Nikamimina viwili.

Septemba 8

Nakwenda Jumapili na Jumatano. Tunazungumza habari za viazi na kiwanda. Anataja jina la kila mtu aliyekufa na mwaka aliokufa. Cletus, hamsini na tisa. Hartwig, sitini na mbili.

Septemba 15

Siku ya chama ilikuwa jana. Niliikalisha mashine mezani. Reinhold hakuja. Gehrke nimemweleza yote, mtu huyu amevua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Anataka kuchapisha sahihisho kwenye jarida lao, kwamba mshindi wa mwaka thelathini na sita alikuwa halali na fundi wake pia.

Nimempelekea Reinhold habari hiyo nikifikiri atafurahi.

"Waache wapumzike," akasema. "Wale sikuwa na shida nao. Shida yangu ilikuwa wewe."

Septemba 22

Leo amenifukuza. Nilianza tena kusema habari za miaka iliyopotea, nikalia juu ya keki. Akapiga meza.

"Usinililie jikoni kwangu. Mimi nilishalia zamani nikamaliza, wewe ndiyo kwanza unaanza. Kalilie kwako."

Nikachukua sahani yangu nikaondoka. Ana haki. Nimelia kwangu.

Septemba 25

Sikwenda.

Septemba 29

Sikwenda. Niko gatini na darubini, kama zamani. Saa tisa mlango wake ukafunguka, akatoka na kigari mpaka penye nyasi, akasimama akitazama huku. Akainua mkono mmoja, akaushusha upesi, maana anauhitaji mkono huo kusimamia.

Nimekwenda.

Oktoba 6

Binti yake, Doreen, anakuja mwisho wa mwezi kumchukua. Anaishi Arizona. Daktari amesema asikae tena peke yake penye barafu. Amenieleza huku akimenya viazi, bila kuniangalia. Nikamwambia nyumba yangu ina vyumba vinne. Akasema Doreen ameshakata tiketi.

Nilipokuwa naondoka akasema, "Nataka kitu kimoja kabla sijaenda. Nataka kuisikia."

Oktoba 12

Siku ya jua, baridi ya kuumanisha meno, miti ya ufukweni yote imepukutika majani. Gehrke alileta spiriti, plagi na koili mpya, akasaidia kuibana mashine kwenye pipa la maji uani, ndivyo tulivyokuwa tukizijaribu zamani. Halafu akasema ana shughuli mjini. Hana shughuli yoyote mjini. Aliondoka tu ili tubaki wawili.

Reinhold nimemleta kwa gari, nikamweka kwenye kiti na blanketi magotini. Hii ni nyumba aliyozaliwa, na hakuwa amekanyaga uani tangu siku ile. Akatazama banda, akatazama mti wa hikori, akasema tu, "Mmebadilisha mlango."

Nikachanganya mafuta. Alinitazama kila kipimo. "Ongeza nyonyo kidogo. Kidogo, nimesema, hatukaangi mkate." Nikazungushia kamba, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Bega langu lina miaka sitini na minne.

"Unavuta kama unaomba radhi," akasema. "Vuta."

Mara ya saba ikawaka. Kelele zile zilinipiga kifuani, pipa likatikisika, maji yakaruka, moshi mweupe ukafunika ua wote na ile harufu ikaja. Niligeuka kumtazama. Alikuwa amefumba macho na midomo inakwenda. Anahesabu pumzi. Iliunguruma dakika mbili, labda tatu, halafu akainua mkono nami nikazima.

Mashine ilikuwa inalialia, tik, tik, kama kinavyofanya chuma cha moto. Reinhold akanyoosha mkono.

"Haya. Nipe maikromita, tuipime."

"Ingoje ipoe," nikasema.

Akanitazama. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi kando ya kiti chake. Tulikaa hivyo saa nzima na dakika kumi, hatukusema neno la maana. Aliniambia kibao cha mwisho cha gati kinahitaji misumari miwili. Nikamrekebishia blanketi. Mara mojamoja niliinuka kuweka kiganja juu ya silinda, nikakiondoa, nikarudi kuketi. Mara ya mwisho nilikiacha pale.

"Imepoa," nikasema, nikampa maikromita ndani ya soksi yake.

Akaishika, akaigeuza geuza, akaitia mfukoni mwa koti bila kuifungua. "Twende ndani, Leni. Nasikia baridi."

Oktoba 27

Doreen amekuja. Ana nyusi zile zile. Ameniita shangazi, neno ambalo sijawahi kuitwa na mtu yeyote, na nimelazimika kujifanya natafuta kitambaa. Reinhold ameniachia funguo za nyumba nimwangalizie mabomba ya maji yasigande. Kwenye mlango wa gari akasema mwakani atakuja kutia gati. Sote wawili tunajua hataweza. Nikamwambia asilitie mapema.

Novemba 2

Ndugu wa Krause wamelitoa gati langu. La ng'ambo halikutiwa mwaka huu, kwa hiyo hakuna la kutoa.

Novemba 17

Theluji ya kwanza. Gehrke alipiga simu, ingawa si Jumanne.

Novemba 30

Kingo zimeganda. Kadi kutoka Arizona, mistari miwili: kuna joto, na kahawa ya huko ni mbaya.

Desemba 14

Ziwa limeganda lote. Wavuvi wameshatoboa matundu yao, na mmoja alipita na gari juu ya barafu saa nne asubuhi, kwa hiyo ni imara. Nimevaa viatu vya Arnold, nikachukua funguo nikaenda kuangalia mabomba. Sikuzunguka kwa gari. Nimekwenda moja kwa moja, kwa miguu. Nusu maili. Nimetumia dakika ishirini, na mimi ni mwanamke mzee.

Mabomba yako salama. Nilisimama kwenye dirisha la jikoni kwake, nikatazama kwangu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la nyumba, na nyayo zangu zilionekana zote, kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwake. Majira ya baridi thelathini na minane ziwa lilikuwa likiganda hivi hivi, na sisi hatukulivuka.